Bi Chupa na Kabati Linalopumua

"Anapika godoro," alisema mshonaji wa ghorofa ya chini, sindano imebanwa kwenye pembe ya mdomo. "Nimeona kwa macho yangu haya mawili. Amekata kipande cha godoro kama unavyokata mkate, akakitia kwenye chupa, akaifunga, akaitia ndani ya oveni. Sasa niambie, mwenzangu, mtu mzima anapika godoro amlishe nani?"

Aliyeulizwa alikuwa jirani wa ghorofa ya kwanza. Alikuwa ameleta gauni lililofumuka kwapani, na mtoto wake wa miezi minne alikuwa mgongoni. Tangu shule ya msingi walimwita Kimya, kwa kuwa mwalimu akiuliza swali, yeye aliangalia kwanza dirishani, kisha daftari, kisha mwalimu, na akija kufungua kinywa wenzake wameshasahau swali lilikuwa nini. Darasa la saba lilipokwisha, masomo nayo yakaishia hapo, lakini jina likamfuata hadi kwa mumewe.

"Na si godoro peke yake," mshonaji aliendelea. "Soli za viatu, zulia, ngozi za makochi. Juzi kaokota mguu wa kiti jalalani, akaufuta kwa leso kama kaokota lulu. Chupa zimejaa rafu nzima. Ndiyo maana watu wanamwita Bi Chupa."

"Ni wewe uliyeanza kumwita Bi Chupa," Kimya alisema taratibu.

"Lazima kuwe na mtu wa kuanza," mshonaji akasema, akatia uzi kwenye tundu la sindano bila kuangalia.

Siku nyingine Kimya angecheka, akachukua gauni lake akaenda. Siku hiyo alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Alikuwa na sababu yake.

Wiki mbili nyuma mama mkwe alikuwa amewaletea kabati. Kabati jeupe, refu kumpita mume wa Kimya, lina milango miwili na vishikizo vya umbo la kipepeo. Lilikuwa zawadi ya mjukuu. Lilitengenezwa kwa zile mbao ambazo si mbao hasa, vumbi la msumeno lililoshindiliwa na gundi mpaka likawa ubao. Walilibeba wanaume wanne, likaingia kwenye chumba chao kimoja cha kulala kwa shida, na tangu siku hiyo chumba kikawa na harufu ya dukani. Mumewe, ambaye alikuwa fundi baiskeli, alisema hiyo ni harufu ya upya, itakwisha yenyewe. Siku ya tatu macho ya mtoto yakaanza kuwa mekundu. Yalichuruzika, pua nayo ikabana, na kila akilazwa chumbani alikohoa vikohozi vidogo vidogo kama mtu anayeomba nafasi ya kusema. Kule zahanati muuguzi aliyaangalia macho, akasikiliza kifua, akasema hakuna ugonjwa anaouona. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna kitu kipya?"

Kimya aliporudi na swali hilo, mumewe alijikuna shingo. "Kabati la mama haliwezi kulala nje kama mbuzi," alisema. "Na mwezi ujao anakuja. Akilikosa chumbani, mimi nitalala nje badala yake."

Ndipo Kimya akapanda.

"Hodi."

"Karibu, sukuma tu. Mlango una kichwa kigumu."

Chumba kilikuwa safi na kilijaa vitu. Rafu tatu za chupa za mdomo mpana, kila moja na karatasi iliyobandikwa, tarehe juu yake kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Ndani ya chupa mlikuwa na vipande vya ukubwa wa sabuni: sponji, zulia, ubao uliopakwa rangi, soli. Kwenye kona palikuwa na sanduku la bati lenye kipimajoto mlangoni. Bi Chupa mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa kiatu, ameinama juu ya kompyuta ndogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe wa ghorofa ya kwanza. Na huyu ndiye anayeimba alfajiri."

"Samahani, mama."

"Aimbe. Mimi huwa nimeshaamka."

Kimya alisikia harufu ya maziwa yanayoungua. Sufuria ilikuwa jikoni hatua tatu tu kutoka alipokaa mwenye nyumba, maziwa yamefurika na kuchuruzika hadi kwenye moto, na harufu ilikuwa kali ya kumwamsha aliyelala. Bi Chupa aliendelea kuongea. Kimya alimpita, akapunguza moto, akaondoa sufuria.

"Loo, ahsante," Bi Chupa alisema. "Sikuona."

Kimya aliliweka neno hilo moyoni. Watu wengine wangesema hawakusikia harufu. Huyu alisema hakuona.

"Mama," alianza, akimshusha mtoto, "watu wanasema unapika godoro."

"Wanasema kweli. Leo limeiva." Bi Chupa alicheka hadi miwani ikaruka kifuani. "Kaa nikueleze, kabla hujaambiwa nalila na chumvi. Godoro linapumua. Kochi linapumua, zulia, kabati, kila kitu chenye gundi na rangi na plastiki kinatoa pumzi. Ukinunua kitu ukanusa upya wake, umevuta pumzi yake. Sasa mimi nataka kujua kitapumua nini, kwa wingi gani, na mpaka lini, kabla mtu hajakiweka chumbani kwake. Nikingoja chumbani nitangoja mwaka. Nikikitia kipande kwenye chupa na kukipa joto, siku moja inanipa ya wiki nzima. Asubuhi naipeleka chupa kazini, maabara, mashine inanihesabia kilichotoka. Halafu nakaa na hesabu zangu."

"Kwa hiyo wewe ni mtabiri."

"Mtabiri hakuulizi chumba chako kina urefu gani. Mimi nitakuuliza."

Kimya alizitazama chupa kwa muda. Mtoto alikuwa amekamata uzi wa kiatu na hakuna aliyemzuia.

"Nina bakuli la plastiki," alisema mwishowe. "Niliweka vitunguu humo siku moja tu. Nimelisugua kwa majivu, kwa limau, kwa maji ya moto. Ukilifunga kifuniko ukalifungua kesho, vitunguu vimerudi. Lakini la kioo nililiosha mara moja, vitunguu vikaisha. Ina maana plastiki ilivinywa."

Bi Chupa aliivaa miwani ili amwone vizuri. "Mimi nilisoma masomo ya jioni miaka mitatu kuelewa hilo bakuli," alisema.

Siku hiyo Kimya alikaa mpaka kivuli cha dirisha kikahamia ukuta wa pili, na akayajua mengi. Bi Chupa aliingia kiwanda cha viatu akiwa na miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kupaka gundi kwenye soli, viatu mia nne kwa siku, kwa brashi na wakati mwingine kwa kidole. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa laini mpaka leo, haina mistari, inateleza kama kokoto ya mtoni. Wanawake walioketi ndani walikuwa wakiumwa kichwa kufikia saa nne. Walioketi karibu na mlango walifika saa tisa wazima. Msimamizi alisema wa ndani ni wavivu. Siku moja yeye akabadilishana kiti na mwenzake wa mlangoni, wiki moja huku, wiki moja kule, akaandika nyuma ya kalenda ni nani kaumwa na saa ngapi. Uvivu ukaonekana unahama na kiti.

"Ukampelekea msimamizi?"

"Nikampelekea. Akaniuliza nani kaniruhusu kuandika kwenye kalenda ya kampuni."

Akaacha kazi, akapata ya kuosha vyombo vya maabara, akaanza kusoma jioni. Ilimchukua miaka kuvuka kutoka kwenye sinki hadi kwenye mashine, umbali wa hatua kumi na mbili. Kuolewa aliolewa, mume akafariki, mwana mmoja yuko mbali na hupiga simu Jumapili. Chupa hizi za nyumbani zilikuwa zake mwenyewe. Maabara ilipima vya wateja, na wateja hawakuleta vitu kutoka jalalani.

Kimya alipomweleza habari za kabati, Bi Chupa aliinuka palepale. Aliteremka na msumeno mdogo, akakata kipande cha ukubwa wa kiberiti nyuma ya kabati chini kabisa, mahali ambapo hata mama mkwe hangefika. Kisha akataka kupima chumba, na kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kazini, akaazima utepe wa mshonaji.

Mshonaji aliuleta mwenyewe ili asipitwe. Alisimama mlangoni akiangalia Bi Chupa akipima ukuta, dari na dirisha. "Mnaishonea nyumba gauni?" aliuliza. "Basi mwache nafasi kiunoni, hii nyumba ina watu wanene."

Bi Chupa aliuliza maswali mengi. Dirisha linafunguliwa saa ngapi hadi saa ngapi? Mlango unafunguliwa mara ngapi? Mchana chumba kinapata jua? Hakuna aliyewahi kumuuliza Kimya mambo ya nyumba yake kana kwamba yanastahili kuandikwa, na alijibu kila moja kwa uangalifu, akienda hata kuhakikisha. Baada ya siku nne Bi Chupa alirudi na karatasi.

"Siku thelathini na nane kuanzia leo," alisema. "Dirisha wazi kutwa, milango ya kabati imefungwa ili pumzi yake isitoke nyingi kwa mara moja. Siku ya thelathini na nane pumzi hiyo chumbani itakuwa imeshuka hadi kiwango ambacho mtoto anaweza kulala. Kabla ya hapo mlaze kwingine."

Kimya alihesabu kwa vidole. Mama mkwe alikuwa anakuja siku ya arobaini na moja.

Wakahamia sebuleni, watu watatu kwenye mkeka mmoja na mto mmoja na nusu. Macho ya mtoto yakatakata. Mumewe alilala miguu ikiwa chini ya meza, na kila asubuhi aliuliza, "Hesabu inasemaje, mheshimiwa kabati ameruhusu?" Alikuwa akitania, lakini mgongo ulimuuma kweli. Siku ya kumi alisema kuwa mtu anayekaa na chupa peke yake anaweza kusema namba yoyote. Siku ya ishirini aliacha hata kuuliza, na hilo lilimuudhi Kimya zaidi.

Siku ya thelathini na nane ilifika. Bi Chupa alishuka na kifaa chake cha kuvuta hewa, akakiweka katikati ya chumba, akakipeleka maabara, na jioni alirudi ngazi mbili mbili kama msichana. Namba iliyotoka ilikuwa ileile aliyoandika kwenye karatasi, imepungua kidogo tu.

"Mlaze," alisema.

Kesho yake baada ya maziwa ya saa nne, Kimya alifungua kabati, akatoa blanketi la njano ambalo bibi yake alilifuma kabla mtoto hajazaliwa, akamfunga binti yake humo kama andazi, akamlaza kitandani. Alikaa kando akimwangalia. Robo saa haikufika, kope zikaanza kuwa nyekundu. Kikohozi kile cha kuomba nafasi kikarudi.

Bi Chupa aliporudi kutoka kazini na kusikia, alivuta hewa tena, akarudi nayo maabara. Namba ilikuwa nzuri. Aliipima mara ya tatu. "Chumba hakina neno," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebishana na kiti. "Labda ana mafua."

"Labda," Kimya alisema.

Mumewe aliutoa mkeka aliokuwa ameshaurudisha stoo, akaukunjua upya. Mama mkwe alibakiza siku mbili.

Asubuhi Kimya alimwogesha mtoto. Alimwogeshea chumbani makusudi, kwenye beseni, mbele ya kabati lenyewe. Mtoto alipiga maji mateke, akacheka, akakaa uchi kitandani nusu saa nzima akila vidole vyake vya miguu. Macho yalikuwa meupe kama karatasi. Kimya akachukua blanketi la njano, akamfunika. Akasubiri. Kope zikaanza. Akalitoa blanketi. Mtoto akatulia. Alirudia mara moja tu, kwa kuwa moyo ulimkataza ya tatu.

Akaliinua blanketi hadi puani. Hakusikia sana, maana pua yake ilishaizoea harufu ya chumba kile. Akafikiri. Akaenda jikoni, akaliacha bakuli la vitunguu, akachukua lile la kioo lenye kifuniko, akalikunja blanketi ndani, akalifunga, akaliweka juani kwenye dirisha la sebule. Akafua nepi. Akapika. Jua lilipokuwa la utosini akainua kifuniko kidogo, akaingiza pua.

Ilimpiga hadi machozi. Lilikuwa kabati zima ndani ya bakuli.

Alifunga haraka, akapanda ngazi mtoto mkono mmoja, bakuli mkono wa pili. Ilikuwa Jumamosi na Bi Chupa alikuwepo.

"Mama, nusa hapa."

Bi Chupa alilipokea bakuli, akainama, akavuta pumzi ndefu. Uso wake haukubadilika. Akavuta tena. Kimya alimtazama, akakumbuka maziwa.

"Husikii," alisema, bila kuuliza.

Bi Chupa alifunga kifuniko taratibu. "Pua yangu ilibaki kiwandani," alisema. "Mwaka wa sita. Niliamka siku moja nikadhani mvua imeosha dunia, haina harufu yoyote. Tangu hapo nasikia kwa mashine na kwa hesabu." Alitazama chupa zake. "Na hesabu zimenitosha, mpaka jana. Hebu niambie. Kuna nini humu ndani?"

"Kabati," Kimya alisema. "Ulisema milango ifungwe, nikaifunga. Nguo za mtoto zote ambazo hatukuzitumia sebuleni zilikuwa mle, siku thelathini na nane, gizani, pamoja na pumzi yake. Zimeinywa. Halafu mimi mwenyewe nikamfunga nayo mtoto, puani kabisa."

Bi Chupa aliivaa miwani. Kisha akafungua karatasi yenye hesabu, akaupitia mstari baada ya mstari kwa kile kidole chake laini.

"Nina kuta," alisema. "Nina sakafu, dari, dirisha, mlango. Sina nguo hata moja. Miaka yote hii nimekuwa nikipima chumba kisichokaliwa na mtu."

Jumatatu mashine ililipima blanketi, ikakubali. Lakini Kimya hakuingoja mashine. Siku ileile alitoa nguo zote za mtoto, akazifua maji mawili, akazitandaza juani hadi magharibi na kuzigeuzageuza kama mtu anayekausha nafaka, kisha akazipanga kwenye kapu la waya nyuma ya mlango. Kabati akalifungua milango, na ndani akapanga masufuria, sahani na birika, vitu visivyokunywa. Jioni binti yake alilala kitandani chini ya shuka iliyonuka jua, na aliamka macho meupe, akiimba. Mumewe alinyoosha miguu yote miwili hadi ukingo wa kitanda na hakutania chochote.

Mama mkwe alifika kesho yake. Alibusu mjukuu, akaenda moja kwa moja chumbani, akasimama mbele ya masufuria. Kimya alimfuata, mtoto mkononi.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "ndani ya kabati la mtoto umeweka birika?"

Kimya alimwambia yote, kuanzia macho hadi bakuli, bila kupamba. Mama mkwe alisikiliza, akasogeza kichwa ndani ya kabati, akanusa, akakitoa haraka akifikicha jicho.

"Hata kule dukani lilinitoa machozi," alisema. "Nikajua ni furaha ya kuwa bibi."

Wakacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa fundi baiskeli, kwa sababu alijua sasa hatalala nje.

Wiki ikapita. Bi Chupa hakuonekana ngazini. Mshonaji alisema taa yake haizimiki na kwamba sasa anapika mashati. Alhamisi alasiri mlango wa Kimya ukabishwa hodi, na safari hii hapakuwa na utepe wala kifaa. Bi Chupa aliingia na daftari jipya la mistari, la aina ile ya wanafunzi, na kalamu mbili. Alikaa kwenye kiti cha chini karibu na mkeka ambao mtoto alikuwa akijifunza kupinduka juu yake.

"Nimejaribu kuongeza nguo kwenye hesabu," alisema. "Nikaandika nguo. Halafu nikajiuliza, nguo zipi, ngapi, zinakaa wapi, zinafuliwa lini, nani anazivaa na nani analala juu yake. Sijui. Sijawahi kuangalia nyumba namna hiyo, na pua ya kunisaidia sina." Akaliweka daftari kwenye goti la Kimya, na kalamu moja juu yake. "Nikuombe kitu. Niandikie hiki chumba. Kila kinachokunywa, na kimekaa karibu na nini, na siku ukinusa kimebadilika uniambie kimebadilikaje, kwa maneno yako wewe, usitafute ya kitabuni. Pazia, mto, kapu, nywele za mtoto. Usiache hata kile unachoona si kitu."